Sifuri ya Uongo

Mwaka 2020 watunzaji wa Xen, mojawapo ya programu zinazogawa kompyuta moja kuwa mashine pepe nyingi, waliamua kukaza kamba. Mashine pepe ikigusa rejista ya kichakataji ambayo haijaandaliwa jibu, irudishiwe kosa. Windows ikaanza kuanguka. Ilikuwa na mazoea ya kusoma rejista nambari 0x199, ambayo Intel huiita IA32_PERF_CTL na ambayo kazi yake ni kukiagiza kichakataji kiende kasi gani. Ilipojibiwa kwa kosa ikatoa skrini ya bluu na kuzima. Kabla mwaka haujaisha Xen ikaongezewa mistari michache: mgeni wa kawaida akisoma 0x199 apewe sifuri, akiandika humo maandishi yake yatupwe na asiambiwe. Windows ikasimama tena.

Habari hii fupi ina ugomvi mrefu ndani yake. Mashine pepe ni mgeni anayeamini kwamba nyumba ni yake. Mfumo endeshi uliomo ndani umeandikwa kwa kudhani kwamba kichakataji kizima ni chake, basi unauliza mambo ya nyumba: kasi ni ngapi, mipigo ya saa imepita mingapi, umeme umetumika kiasi gani. Mwenyeji, yaani ile programu iliyo chini ya wote, ana majibu matatu tu. Aseme kweli, akatae, au adanganye. Huyu mgeni wa Windows alidanganywa ili aishi.

Nimeligawa suala hili kwa sauti nne. Nimezitunga mimi, msizitafute mitaani; hoja zake ndizo zinazobishaniwa na watu wa kazi hii kila siku. Mahali nimepachagua kwa makusudi. Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, mwendo mfupi wa minibasi kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa wamezidi 50,000. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkongo na Mrundi sokoni, darasani na kanisani. Kompyuta nazo si ngeni huko: Wajesuiti walianza kutoa masomo ya chuo kwa njia ya intaneti mwaka 2010, na baadaye Microsoft na UNHCR wakaleta mafunzo ya kuandika programu. Kazi hiyo ina mvuto wa pekee pale. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilikataa kufungwa na vifungu vya ajira na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi walioishi mijini warudi kambini. Programu inakwenda Lilongwe bila kibali.

Wazungumzaji ni hawa. Dada ni binti Mrundi anayeandika programu. Mwalimu ni mtu wa Uvira, anafundisha kompyuta kambini kwenye seva moja ya mtumba. Fundi ni Mtanzania wa Mbeya anayetunza seva za kukodisha jijini Lilongwe. Mzee anatunza paneli za sola, inveta na betri zinazoendesha ile seva ya darasani.

DADA: Nianze mimi kwa kuwa nadai. Nimekodi mashine pepe kwa kaka Fundi, nalipa kwacha kila mwezi. Nina programu ya kubana video, ili mtu aliye kambini aangalie vipande vya Tamasha la Tumaini la pale Dzaleka bila kumaliza bando lote kwa wimbo mmoja. Programu inachelewa. Nataka kujua inachelewa wapi. Inakokotoa kupita kiasi, au imekaa inasubiri kumbukumbu? Kichakataji kinalijua jibu. Tangu Pentium ya mwaka 1993 Intel imeweka vihesabio mle ndani: mipigo ya saa, amri zilizotekelezwa, mara ngapi data ilikosekana kwenye kashe. Nikaita perf, chombo cha Linux cha kusoma vihesabio hivyo. Mstari wa mipigo ukaandika kwamba haiwezekani. Mstari wa amri, vilevile. Kwa hiyo nalipia kichakataji nisichoruhusiwa kukiuliza.

FUNDI: Dada, kwanza nikushukuru kwa kusoma vizuri. Umeandikiwa kwamba haiwezekani, na huo ni ukweli. Mashine yako ilipowaka iliuliza, kwa amri ya CPUID, kama kuna vihesabio. Mwenyeji akajibu hakuna. Linux yako ikaamini, ikaacha kuvigusa. Hakuna aliyekudanganya.

DADA: Vipo, kaka. Umesema havipo.

FUNDI: Havipo kwako.

MWALIMU: Hapo pana mlango wa kuingilia, ndugu Fundi. Lakini tuuache kidogo, maana kuna walio wabaya kuliko wewe. KVM, programu ya jamii ya Xen ambayo naitumia darasani, ina swichi iitwayo ignore_msrs; MSR ndilo jina la kitaalamu la rejista hizi. Ukiiwasha, rejista yoyote isiyojulikana na mwenyeji inasomeka sifuri, na ukiiandikia maandishi yanapotea. Wanaotaka kuendesha macOS juu ya KVM huambiwa waiwashe, wanaiwasha, halafu wanaisahau. Mwanafunzi wangu akiingia kwenye mashine ya namna hiyo na akapima, anapata sifuri. Anaandika sifuri kwenye daftari. Atajuaje kwamba hakuna kilichopimwa?

FUNDI: Linux inajua. Ikiwaka inaandika namba kwenye kihesabio, halafu inaisoma tena. Namba isiporudi ileile, inatangaza kwamba vihesabio vimeharibika na inaviacha.

MWALIMU: Na waliiandikia tabia hiyo kwa sababu gani? Someni maelezo yaliyo kwenye msimbo wenyewe. Ni kwa sababu ya wenyeji waliokuwa wanajibu sifuri kwa kila kitu. Wenyeji walidanganya mpaka wageni wakaanza kuwatega. Haya ndiyo matunda yake: kila mfumo endeshi mwaminifu unapoteza muda wa kuwaka ukihakikisha kwamba haudanganywi.

Niingilie hapa, maana msomaji anaweza kudhani mwenyeji ana akili ya kumchunguza mgeni kila dakika. Hana, na hahitaji. Kwenye vichakataji vya Intel anaandaa ukurasa mmoja wa kumbukumbu, baiti 4,096, uliojaa biti. Kila rejista ina biti yake ya kusomwa na biti yake ya kuandikwa. Biti ikiwa 0, mgeni anaifikia rejista halisi moja kwa moja, na mwenyeji hata hashtuki. Biti ikiwa 1, mgeni anasimamishwa palepale, mwenyeji anaamshwa, anaangalia ni nambari gani iliyoguswa, anaamua la kujibu, kisha anamrudisha mgeni kazini. Rejista iliyo nje ya mipaka ya ukurasa huo humwamsha mwenyeji siku zote. AMD wana utaratibu wa jamii hiyohiyo, ukurasa wao ni mkubwa maradufu. Kuamshwa kwenyewe kunagharimu: kwenda na kurudi kunaweza kula mipigo elfu moja na zaidi. Sera yote ya ukarimu, kwa hiyo, ni karatasi ya ndiyo na hapana iliyoandikwa kabla mgeni hajabisha hodi, na nyuma yake kuna orodha ya majibu kwa walioambiwa hapana. Ugomvi wa leo uko kwenye hiyo orodha.

MZEE: Wanangu, mimi rejista sizijui. Najua betri. Mmesema hiyo 0x199 inaagiza kasi?

FUNDI: Ndiyo, Mzee. Kasi ikipanda, volteji nayo inapanda, na umeme unaliwa zaidi.

MZEE: Basi mgeni asiiguse kamwe. Januari 2022 Dhoruba Ana ilipovunja kituo cha Kapichira kwenye Mto Shire, nchi ilipoteza karibu megawati 130 kwa mpigo mmoja, tukakaa na giza mwaka mzima na zaidi. Tangu hapo nahesabu kila wati. Saa tatu usiku betri zangu ziko nusu. Mtoto mmoja akiwa na mashine yake pepe anaamua kichakataji kikimbie mpaka mwisho, na wengine wote wanazimikiwa saa tano. Kasi ya kichakataji ni jambo la mwenye betri.

FUNDI: Na ndivyo ilivyo. Xen inamkubalia mmoja tu, yule mgeni wa kwanza anayesimamia mashine, tena kama amekabidhiwa udhibiti wa kasi. Wengine wakiandika, maandishi yanatupwa.

MZEE: Wanaambiwa kwamba yametupwa?

FUNDI: Hapana.

MZEE: Kwa nini?

FUNDI: Wakiambiwa wanakufa, Mzee. Windows ikipewa kosa kwenye rejista hiyo inaanguka. Nina wateja wenye programu za uhasibu juu ya Windows. Siwezi kuwaeleza kwamba hesabu za duka zimepotea kwa sababu nilitaka kuwa mkweli kwa mfumo endeshi.

MZEE: Ningekuwa na geji ya betri inayoonyesha kijani usiku na mchana, ningeing'oa nikaitupa shimoni. Bila geji nitapima kwa mita. Nikiwa na geji ya uongo sitapima.

MWALIMU: Mzee amenimalizia somo. Na sifuri ya Windows ina ndugu yake. Jirani ya 0x199 ni 0x198, IA32_PERF_STATUS, ambayo kazi yake ni kueleza kasi ya sasa. KVM inaijibu kwa namba iliyoandikwa mkononi ndani ya msimbo. Ni ileile siku zote, kichakataji kikimbie au kisinzie. Hiyo haina hata aibu ya sifuri. Sifuri angalau humshtua mtu makini. Namba inayofanana na kweli haimshtui mtu yeyote.

FUNDI: Ndugu Mwalimu, unazungumza kama mtu ambaye wageni wake wote ni Linux.

MWALIMU: Ni kweli, wote ni Linux.

FUNDI: Basi ukaribishe Windows mmoja na Solaris mmoja kisha tuzungumze. Xen walipoanza kuzuia rejista, haikupita muda wageni wa zamani wakalalamika kila mmoja kwa rejista yake. Toleo la 4.15, Aprili 2021, likaja na swichi iitwayo msr_relaxed, ya kuwashwa kwa mgeni mmojammoja. Hiyo ni hekima: ukali kwa wote, ulegevu kwa mwenye ugonjwa unaojulikana. Sitaki kusikia kwamba uongo wote ni sawa. Upo uongo wa mvivu, anayewasha ignore_msrs kwa kila mtu akaenda kulala. Na upo uongo wa daktari.

DADA: Samahani, mnazungumzia magonjwa ya Windows. Mimi sijaomba kuandika 0x199. Sitaki kasi, nataka hesabu. Kwa nini rejista za amri na rejista za taarifa zimefungiwa chumba kimoja?

Swali hili ndilo lililonifanya nimpe Dada nafasi ya kwanza. Kwenye mijadala mingi ya mashine pepe, maneno "rejista za utendaji" huchanganya vitu viwili ambavyo havina undugu wowote isipokuwa jina. 0x199 ni usukani. Mgeni akiushika anabadilisha hali ya jirani zake wote, na Mzee ana haki ya kuupigia kelele. Vihesabio havimwendeshi mtu popote. Tatizo lake ni jingine kabisa.

FUNDI: Kwa sababu taarifa nazo zinavuja, dada. Nikupe mfano wa mwaka uleule wa 2020, mwezi Novemba. Watafiti wa Graz kule Austria, pamoja na wenzao wa Birmingham na wa kituo cha CISPA cha Ujerumani, walitangaza shambulio waliloliita PLATYPUS. Vichakataji vya Intel tangu Sandy Bridge vina kipimo cha umeme kiitwacho RAPL. Waliposoma tu kiasi cha umeme kilichotumika, tena na tena, waliweza kuzichomoa funguo za siri za programu nyingine. Hawakuvunja mlango, walisoma mita. Siku hiyohiyo Xen ikatangaza kuwafungia wageni rejista za RAPL, na Linux ikaondoa ruhusa ya mtumiaji wa kawaida kusoma mita hiyo. KVM ilikuwa tayari inajibu sifuri kwa rejista hizo, na maelezo kwenye msimbo yanasema wazi kwamba hawataki kufichua hali ya mwenyeji. Sasa hiyo nayo ni sifuri ya uongo, Mwalimu. Utaing'oa?

MWALIMU: Nitaibadilisha iwe kosa. Kulinda siri si lazima kuandamane na uongo. Mtu akiniuliza mshahara wangu namjibu sisemi. Simwambii sifuri.

FUNDI: Na mgeni akianguka kwa kosa hilo?

MWALIMU: Awekwe kwenye orodha yako ya wagonjwa, mmojammoja.

DADA: RAPL ni mita ya mashine nzima, ya jirani zangu pamoja nami. Hiyo nakubali nifungiwe, tena msinipe hata nikilia. Vihesabio ninavyoomba vinahesabu ninapokuwa mimi kwenye kichakataji. KVM inavipitishia kwenye perf ya mwenyeji. Mashine yangu ikiondolewa kichakatajini, kihesabio kinasimama, na kinaendelea zamu yangu ikirudi. Toleo la 5.3 la Linux, mwaka 2019, lilimpa mwenyeji kichujio: anataja matukio ambayo mgeni anaruhusiwa kuyahesabu, na mengine yanakataliwa. Nipe mipigo na amri, basi. Matukio mengine yafunge.

FUNDI: Umejiandaa, naona. Lakini mimi niko kwenye Xen, na Xen ilitoa tangazo la usalama nambari 163 mwezi Novemba 2015 kwamba vihesabio pepe vina kasoro nyingi mno na havipewi dhamana ya usalama. Kwa kawaida vimezimwa. Nikiviwasha, yakitokea ya kutokea, hakuna wa kunitetea. Tena hiyo KVM unayoisifu ina tabu zake. Kila unapobadilisha kihesabio unamwamsha mwenyeji. Mwenyeji naye ana perf yake, na mlinzi wake anayeangalia kama kerneli imekwama, aitwaye NMI watchdog, huchukua kihesabio kimoja kwa ajili yake. Vihesabio vya matumizi ya jumla kwenye Intel nyingi ni vinne au vinane kwa kila kiini. Mkigombania, hesabu yako inakuwa ya kukisia. Ndiyo maana wahandisi wa Google na Intel walileta mapendekezo mapya mwaka 2024, kwamba mgeni anapoingia kichakatajini akabidhiwe vihesabio vyote halisi, na mwenyeji akae kando mpaka atoke.

DADA: Kwa hiyo hata Google wanaona mgeni anastahili.

FUNDI: Wanaona mteja anayelipa anastahili. Amazon walifungua vihesabio mwaka 2017 kwenye EC2, huduma yao ya kukodisha mashine pepe. Kwa nani? Kwa anayekodi mashine kubwa, soketi nzima ya kichakataji, ambako hakuna jirani wa kuchunguzwa.

DADA: Na mimi nakodi kipande.

FUNDI: Unakodi kipande.

DADA: Kwa hiyo mwenye nyumba nzima anauziwa vihesabio, na mwenye kipande anauziwa kubahatisha. Mwenye soketi nzima akigundua programu yake inasubiri kumbukumbu, anairekebisha, mwezi ujao anakodi ndogo. Mimi nikichelewa nitafanya nini? Nitakodi kipande kikubwa zaidi. Kutokujua kwangu ni faida yako, kaka.

Fundi hajibu upesi, na sitamwandikia jibu la haraka. Hoja hii ina uzito kuliko zote za usalama, kwa kuwa inahusu nani anayegharimia giza. Mashambulio ya kusoma vihesabio ni ya kweli, lakini yanahitaji mtu mwenye ujuzi na sababu. Kulipa zaidi kwa kutojua kunamkuta kila mteja mdogo kila mwisho wa mwezi, na hakuna tangazo la usalama linalotolewa kwa ajili yake.

MWALIMU: Mnaona tulipofika? Mgeni akae sehemu yake, asiulize, asitembee, aambiwe vitu havipo huku vipo. Sisi watu wa Dzaleka somo hili tunalifahamu bila kompyuta.

DADA: Hapana, Mwalimu, kwa heshima yako, usinipeleke huko. Mashine pepe haina watoto. Haikuondolewa dukani Lilongwe mwaka 2023 ikapakiwa kwenye gari na magodoro yake. Mtu akifananisha rejista na maisha yetu, wanaotusikiliza wanaondoka wakidhani wametuelewa. Nataka kihesabio. Yale mengine nitayadai kwa jina lake.

MZEE: Amesema vizuri huyu.

MWALIMU: Nimekubali. Basi niseme la kazi. Seva ya darasani ni yetu peke yetu. Wanaoitumia ni wanafunzi wangu, hakuna mteja wa nje, hakuna funguo za benki mle. Pale nimefungua vihesabio: KVM, swichi ya vihesabio pmu=on, kichakataji kinaonyeshwa kwa mgeni kama kilivyo, na ule NMI watchdog nimeuzima ili kihesabio chake kibaki kwa watoto. Rejista isiyojulikana inarudisha kosa. Dada, njoo upimie kwetu.

FUNDI: Kichakataji chenu ni cha zamani. Mipigo mtakayopata haitafanana na ya kwangu.

DADA: Mipigo haitafanana. Idadi ya amri itakaribiana sana, programu ikiwa ileile na video ileile. Nikiona amri ni chache lakini mipigo ni mingi hata kwenu, nitashuku ni kumbukumbu. Kipimo kamili sitapata, mwelekeo nitaupata. Mzee, nitahitaji saa mbili.

MZEE: Njoo saa sita mchana, jua likiwa juu. Usiku sikupi hata dakika.

FUNDI: Mnanitenga. Haya, nami niseme nitakachofanya. Vihesabio kwenye Xen siwashi, na sababu mmesikia. CPUID itaendelea kujibu hakuna. Ila naona aibu ya zile sifuri. Nitaandika orodha: rejista gani mwenyeji wangu anazijibu kwa namba isiyo ya kweli, kwa ajili ya mgeni gani, tangu lini. 0x199 itakuwamo, kwa sababu ya Windows. Mgeni yeyote niliyemwashia msr_relaxed atakuwamo, na mwenye mashine hiyo ataambiwa. Isiyokuwa kwenye orodha inarudisha kosa, na kosa hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Mteja akiomba orodha, anapewa.

MWALIMU: Orodha ya uongo iliyotiwa sahihi na mwongo mwenyewe. Hiyo nitaifundisha darasani.

FUNDI: Fundisha, lakini usinitaje.

Mwalimu ameshinda nusu, kwa maoni yangu, na nusu aliyoshindwa alistahili kushindwa. Kanuni ya kosa kwa kila kisichojulikana ni nzuri mpaka siku duka la mtu linapofungwa kwa ajili yake. Lakini Fundi bila orodha asingekuwa daktari, angekuwa ignore_msrs mwenye miguu. Kinachonisumbua bado ni deni la Dada, ambalo seva ya mtumba na jua la saa sita vimelipunguza tu.

DADA: Kaka Fundi, kuna moja hatujaigusa. Kuna taarifa ambayo mwenyeji humpa mgeni kwa hiari, muda ulioibwa. Ni ule muda ambao mashine yangu ilikuwa tayari kufanya kazi lakini kichakataji kilikuwa kwa mtu mwingine. KVM ina rejista yake maalumu ya kuueleza, na Xen nayo ina njia yake. Kwenye chombo cha Linux kiitwacho top unaonekana pembeni, herufi mbili, st. Umeufungua?

FUNDI: Uko wazi tangu siku ya kwanza. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

DADA: Sijawahi kuuangalia. Nilikuwa nalaumu programu yangu.

FUNDI: Sasa utauangalia.

DADA: Na ukinionyesha kwamba umeuza viini vya kichakataji vingi kuliko ulivyo navyo?

FUNDI: Kila mwenye seva anauza zaidi ya alivyo navyo, dada. Suala ni kiasi.

DADA: Basi nitakuuliza kiasi. Nikikuuliza, usijibu sifuri.